Je, Wajua? Kosa la Kalamu, Kosa la Filimbi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mpira wa vikapu mali ni alama, na daftari ni ile karatasi ndefu inayokaa mezani kando ya uwanja, mbele ya mtu ambaye mashabiki hawamtazami hata mara moja. Wiki hii safu yetu inamtazama yeye, pamoja na refa anayemtegemea. Ni ya wapenzi wa vikapu wa Tiwi na pwani yote ya kusini, Waa hadi Msambweni.

Je, wajua kwamba Kaya Tiwi, shule ya upili iliyoko kaunti ndogo ya Matuga, ni miongoni mwa majina mazito zaidi katika vikapu vya wasichana nchini Kenya? Imewahi kutwaa ubingwa wa kitaifa na kuipeperusha bendera ya Kenya katika michezo ya shule za Afrika Mashariki. Ili kufika huko, timu hupanda ngazi: kaunti ndogo, kaunti ya Kwale, ukanda wa Pwani, kisha taifa. Mechi za kila ngazi huchezwa kwa siku chache tu, na kila mechi ina karatasi yake. Alama moja ikipotea mezani Kwale, wasichana waliofanya mazoezi muhula mzima wanaweza kurudi nyumbani huku wenzao wakipanda basi. Mimi sioni udogo wowote katika jambo hilo.

Je, wajua kwamba hapo mwanzo refa ndiye aliyehesabu magoli? James Naismith alipoandika kanuni zake 13 mjini Springfield, Marekani, mwaka 1891, alimpa refa kazi ya kuhukumu mpira, kushika saa na kuweka hesabu ya magoli. Mwamuzi wa pili aliwaangalia wachezaji na kuzinakili faulo. Mechi ya kwanza, tarehe 21 Desemba 1891, ilikuwa ya wachezaji tisa kila upande na iliisha 1–0, kwa hiyo hesabu haikumchosha mtu. Hata hivyo tangu siku hizo faulo ziligeuka alama: upande mmoja ukifanya faulo tatu mfululizo, wapinzani walipewa goli.

Siku hizi, kwa kanuni za FIBA, shirikisho la vikapu la dunia, mezani hukaa watu wanne: mwandishi wa alama, msaidizi wake, mtunza saa, na anayeendesha saa ya sekunde 24. Kamishna wa mechi, kama yupo, huketi kati ya mwandishi na mtunza saa.

Je, wajua kwamba mwandishi anashauriwa kuwa na kalamu mbili za rangi tofauti? Nyekundu ni ya robo ya kwanza na ya tatu. Ya buluu au nyeusi ni ya robo ya pili, ya nne na muda wa nyongeza. Watu wengi hudhani ni mapambo. Lakini kocha anapokuja na malalamiko kwamba kikapu cha robo ya tatu hakikuandikwa, refa hatafuti karatasi nzima. Anafuata wino mwekundu wa chini, anahesabu, anapata jibu.

Tuisogelee karatasi yenyewe. Upande wa kulia kuna safu za namba zilizokwisha kuchapwa, kuanzia 1 hadi 160, kila timu na safu zake. Tuseme timu ina alama 21, na mchezaji wa jezi namba 7 anafunga kikapu cha kawaida. Mwandishi anaruka 22, anapiga mstari wa mshazari juu ya 23, na pembeni yake anaandika 7. Kingekuwa mtupo huru, angeijaza 22 kwa nukta nene. Kingekuwa kikapu cha alama tatu, mshazari ungepigwa juu ya 24 na ile 7 ya mchezaji ingezungushiwa duara. Robo ikiisha, jumla ya mwisho huzungushiwa duara nene na kupigwa mstari mnene chini yake. Hesabu hii hupanda kama ngazi: mwandishi akiruka kidato kimoja kwa bahati mbaya, kila kikapu kitakachofuata kitasimama mahali pasipo pake. Ndiyo maana mwandishi mzuri hunyanyua macho kila mara na kulinganisha karatasi yake na ubao wa matokeo. Vikitofautiana, na yeye ana hakika na karatasi, ubao ndio unaorekebishwa. Akiwa na shaka, au timu moja ikipinga marekebisho hayo, anamweleza refa mkuu mara mpira unapokuwa mfu, yaani hauko mchezoni.

Je, wajua kwamba mchezaji akijifungia kwa bahati mbaya kwenye kikapu chake mwenyewe, alama hizo huandikwa kwa jina la nahodha wa wapinzani aliyeko uwanjani? Naam, nahodha hajaugusa mpira, lakini karatasi inasema amefunga.

Je, wajua kwamba makosa mengi huzaliwa katika zile sekunde chache refa anapoonyesha namba kwa vidole? Kwa miaka mingi mashindano makubwa ya FIBA yalitumia jezi namba 4 hadi 15. Tangu 2014 milango ilifunguliwa: 0, 00, na 1 hadi 99. Hapo ndipo ishara zikahitaji kanuni zaidi. Namba 11 hadi 15, refa hufumba ngumi ya kulia na kuonyesha vidole vya mkono wa kushoto. Kuanzia 16 kwenda juu, kwanza huonyesha mgongo wa mkono kwa ajili ya makumi, kisha kiganja kwa ajili ya mamoja. Kwa hiyo 24 ni vidole viwili kwa mgongo wa mkono, halafu vinne kwa kiganja. Refa akiharakisha, na mwandishi akiwa ameinamia karatasi, 24 inaweza kuandikwa 42, na faulo ikamwangukia msichana aliyekuwa upande wa pili wa uwanja. Marefa wakufunzi husisitiza mambo mawili ambayo naona yangefaa kubandikwa kila uwanja wa Kwale: refa asimame pale mwandishi anapomwona, na asiondoke mpaka mwandishi amemjulisha kwamba amemwelewa.

Je, wajua kwamba honi ya mwandishi haisimamishi mchezo? Kocha anaweza kupiga kelele kwamba alama zimekosewa, shabiki anaweza kugonga meza, lakini mwandishi akigundua kosa mpira ukiwa hai hutakiwa kunyamaza na kusubiri. Mpira ukishakuwa mfu, ndipo anapiga honi. Hata akiipiga mapema kwa pupa, mpira haufi na saa haisimami kwa sababu ya honi hiyo.

Sasa tufike kwenye kiini, kwa maana hapa ndipo makocha na wazazi wengi huchanganya mambo mawili.

Je, wajua kwamba kuna makosa ya kalamu na makosa ya filimbi, na kila aina ina tarehe yake ya kufa? Kosa la kalamu ni la mezani: idadi ya alama, idadi ya faulo, idadi ya taimauti, muda wa saa uliopotea au kuongezwa. Refa alionyesha vidole vitatu, mwandishi akaandika mbili. Kosa kama hilo linaweza kurekebishwa wakati wowote mpaka refa mkuu atie sahihi. Limegunduliwa robo ya kwanza, litarekebishwa. Limegunduliwa robo ya nne kuhusu robo ya kwanza, bado litarekebishwa. Na hata limegunduliwa baada ya saa kwisha, timu moja ikiwa inaimba na nyingine inalia, litarekebishwa kabla ya sahihi hiyo, hata kama matokeo yatageuka na mshindi kuwa mshindwa.

Kosa la filimbi ni la refa aliyeisahau kanuni bila kukusudia. FIBA inaruhusu kurekebisha manne tu: kumpa mchezaji mitupo huru asiyostahili, kumnyima anayoistahili, kuhesabu au kufuta alama kimakosa, na kumruhusu mtu asiyehusika apige mitupo. Haya yana dirisha finyu mno. Tuseme Tiwi wamepewa mitupo miwili isiyo haki yao, wakaifunga yote. Mchezo ukaendelea, saa ikaanza kutembea, wapinzani wakafunga kikapu, na mpira ukawa mfu. Huo ndio mpira mfu wa kwanza. Meza ikigundua kosa hapo, zile alama mbili zinafutwa. Lakini mchezaji wa Tiwi akishaushika mpira arushe ndani, mpira umekuwa hai tena na dirisha limefungwa, alama mbili zitabaki milele. Na kile kikapu ambacho wapinzani walifunga katikati, hakiguswi. Vilevile muda uliotumika haurudishwi, na faulo zilizofanyika hazifutwi.

Kwa hiyo kocha mwenye busara hufanya nini? Anawahi. Kanuni inamruhusu yeye na kocha msaidizi wa kwanza kuiendea meza kwa adabu, mpira ukiwa mfu na saa imesimama, kuuliza takwimu. Mwalimu anayeuliza mwishoni mwa kila robo, "Namba 9 wangu ana faulo ngapi?" hafanyi ugomvi. Analinda haki ya mtoto wa watu, na anamsaidia mwandishi pia.

Je, wajua kwamba kosa la faulo moja lilimfuata Shaquille O'Neal mpaka NBA, ligi ya Marekani, ikaamuru mechi irudiwe? Tarehe 19 Desemba 2007, Miami Heat walikuwa Atlanta wakicheza na Hawks, muda wa nyongeza. Meza ikatangaza kuwa O'Neal ametimiza faulo sita, akatolewa zikiwa zimebaki sekunde 51.9. Kumbe alikuwa na tano: faulo ya mwenzake ilikuwa imeandikwa kwake. Hawks walishinda 117–111, Heat wakakata rufaa, na NBA ikakubali. Hawks walitozwa faini ya dola 50,000, kwa kuwa wanaokaa mezani ni watu wa mwenyeji, na zile sekunde 51.9 zikachezwa upya tarehe 8 Machi 2008. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 1982 ligi hiyo kuamuru hivyo. Ila kufikia siku hiyo O'Neal alikuwa ameshauzwa Phoenix, na hakuna aliyefunga, Hawks waliokuwa wakiongoza 114–111 alipotolewa wakashinda kwa alama hizo hizo. Mtu aliyeonewa hakupata nafasi ya kurudishiwa alichonyang'anywa.

Ikiwa ligi yenye fedha zote zile na kamera kila pembe iliandika faulo kwa mtu asiyehusika, mwanafunzi aliyeketishwa mezani Tiwi akiwa na kalamu moja na upepo wa kaskazi unaopeperusha karatasi anastahili kufunzwa na kusaidiwa, si kutukanwa.

Je, wajua kwamba sahihi ya refa mkuu huja mwisho kabisa? Watu wa meza huandika majina yao na kusaini, marefa wenzake hufuata, kisha yeye anaikagua karatasi na kutia sahihi. Sahihi hiyo ndiyo inayomaliza mamlaka ya marefa juu ya mechi. Kosa likionekana dakika moja baadaye, hakuna kalamu ya kulifuta. Refa mkuu anaandika ripoti ya kina kwa waandaaji wa mashindano.

Uzito wa sahihi ulionekana Munich, fainali ya Olimpiki ya 1972. Sekunde tatu za mwisho zilichezwa, zikarudiwa, zikarudiwa tena katika vurugu za saa na ombi la taimauti, mpaka Umoja wa Kisovyeti ukaishinda Marekani 51–50. Refa Renato Righetto wa Brazil alikataa kuisaini karatasi ya alama kwa kupinga yaliyotokea. Rufaa ya Marekani ilikataliwa kwa kura 3 dhidi ya 2, na wachezaji wa Marekani hawakuzichukua medali zao za fedha.

Na sisi hapa Kenya twajua alama moja ina thamani gani. Februari 2021, mjini Yaoundé, Morans, timu yetu ya taifa, waliwafunga Angola 74–73 kwa kikapu cha mwisho cha Tylor Ongwae, na hatimaye Kenya ikarejea AfroBasket baada ya miaka 28.

Tugeukie teknikali, ile faulo ya kiufundi inayozua zogo kuliko zote, kwa sababu mara nyingi haihusu kugusana. Ni ya mdomo, ya kutupa mpira kwa hasira, ya kuchelewesha mchezo, ya kujiangusha kumhadaa refa.

Je, wajua kwamba karatasi ina herufi tatu tofauti kwa faulo hiyo hiyo? Ya mchezaji ni T. Ya kocha mwenyewe, kwa tabia yake, ni C. Ya mtu mwingine wa benchi ni B, nayo huandikwa kwenye mstari wa kocha, kwa sababu benchi ni mzigo wake. C mbili zinamtoa kocha uwanjani. B tatu pia, au C moja na B mbili. Mchezaji hutolewa kwa T mbili, au kwa T moja na faulo moja isiyo ya kiuanamichezo.

Hapa pana mtego unaowanasa waandishi wengi chipukizi. T ya mchezaji huhesabiwa katika faulo zake tano na pia katika faulo za timu. C na B hazihesabiwi katika faulo za timu. Mwandishi akizijumlisha, timu itaonekana imefikisha faulo nne za robo mapema, na faulo itakayofuata itawapa wapinzani mitupo miwili wasiyostahili. Kosa moja la kalamu limezaa kosa la filimbi, na sasa lile dirisha finyu linahesabu sekunde.

Vijana wanaotazama NBA kwenye simu nao hukanganyika, kwani kule teknikali haiingii katika faulo sita za mchezaji. Kule pia ofisi ya ligi inaweza kuifuta teknikali siku chache baadaye na kumrudishia mchezaji faini yake, ingawa alama iliyopatikana kwa mtupo ule haifutwi. Mtoto wa Diani akidai kwamba teknikali yake si faulo ya tano, huenda hakuwa mkaidi. Aliona sheria ya nyumba nyingine.

Je, wajua adhabu yenyewe ni ipi? Mtupo huru mmoja, kisha mchezo unaendelea pale ulipokatikia, kwa timu iliyokuwa na mpira au iliyostahili kuwa nao. Zamani ilikuwa kali zaidi: mitupo miwili na mpira juu yake.

Je, wajua kwamba Chris Webber asingeweza kufanya kosa lake maarufu kwa kanuni zetu? Katika fainali ya vyuo vya Marekani, Aprili 1993 mjini New Orleans, Michigan wakiwa nyuma 73–71 na sekunde 11 zimebaki, aliomba taimauti ambayo timu yake haikuwa nayo. Akapigwa teknikali, na North Carolina wakashinda 77–71. Kwa FIBA mchezaji haombi taimauti kabisa. Kocha au msaidizi wake wa kwanza huiomba mezani, na meza ndiyo yenye hesabu: mbili nusu ya kwanza, tatu nusu ya pili, moja kwa kila muda wa nyongeza.

Je, wajua kwamba refa mkuu hana ruhusa ya kuifuta teknikali ya mwenzake eti kwa sababu kocha amelalamika? Marefa wanaweza kushauriana, na wanapotofautiana refa mkuu ndiye mwenye neno la mwisho, lakini hakuna refa anayeweza kubatilisha uamuzi ambao mwenzake ameufanya ndani ya mipaka ya kazi yake. Kinachoweza kurekebishwa ni maandishi: teknikali ya namba 12 imeandikwa kwa namba 21, au C imeandikwa badala ya B. Hilo ni la kalamu, na lina muda mpaka sahihi.

Je, wajua kwamba huwezi kukata rufaa kwa sababu ya teknikali uliyoiona ya uonevu? FIBA inakubali rufaa kwa mambo matatu: makosa ya alama, saa au saa ya sekunde 24 ambayo marefa hawakuyarekebisha, uamuzi wa kufuta, kuahirisha au kutoendelea na mechi, au kuipa timu moja ushindi wa mezani, na mchezaji asiyestahili kucheza. Hukumu ya refa kuhusu tabia ya mtu haimo. Naona ni sawa, hata kama inauma, kwa sababu la sivyo kila mechi ya kaunti ingeishia kamatini.

Na timu ikigoma kuendelea baada ya refa kuiamuru icheze? Inapoteza 20–0. Kuna la ziada ambalo makocha wenye hasira hulisahau: anayeshinda hupata pointi 2 za msimamo, anayeshindwa uwanjani hupata 1, anayegoma hupata 0. Katika kundi la timu nne, pointi hiyo moja inaweza kuwa ndiyo ya kufuzu.

Je, wajua kwamba nahodha ana kisanduku chake kwenye karatasi? Kiko chini, cha sahihi ya rufaa. Timu ikiona kosa la mezani halikurekebishwa, nahodha ana dakika 15 baada ya mechi kumjulisha refa mkuu na kutia sahihi pale. Sababu za maandishi zinafuata ndani ya saa moja. Katika mashindano ya FIBA rufaa ikikataliwa timu hulipa faranga 1,500 za Uswisi; mashindano ya nchi hujipangia kiasi chake. Nahodha akishatia sahihi, watu wa meza na marefa wote hawaondoki mpaka refa mkuu awaruhusu. Basi nahodha wa miaka 17 ajue kisanduku hicho kiko wapi kabla ya mechi kuanza, kwa maana dakika 15 za kilio, picha na kutafuta chupa za maji huisha upesi.

Je, wajua, la mwisho, kwamba karatasi ile kwa desturi ina nakala za rangi? Nyeupe ni ya FIBA, ya buluu ni ya waandaaji, ya waridi ni ya washindi, ya njano ni ya walioshindwa.